Homa ya Mama Mkwe wa Petro

Mwaka ule tulikula mbaazi. Sisemi tulikula mbaazi kama mtu anavyosema tulikula wali kwenye arusi. Nasema tulikula asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu wanunuzi waliokuwa wakizigombania kila mwaka hawakutokea, na magunia yakajaa nyumbani mpaka nikawa naingia chumbani kwangu kwa ubavu. Makande ya mbaazi. Ugali na mbaazi. Mbaazi za jana zilizopashwa moto. Kanisani kwaya iliimba sauti nne, na ya tano ilitoka mahali ambapo sipataji. Mpaka leo mtu wa Karatu akiniuliza mjukuu wangu yule alizaliwa lini, namwambia mwaka wa mbaazi, na hanisumbui tena.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo tarehe nawaachia wenye kalenda. Lakini nilichokifanya mbele ya kanisa mwaka ule kinasimuliwa vibaya. Wengine wanasema nilipandwa na pepo. Wengine wanasema nilipitiwa na usingizi. Sikupandwa na kitu na sikulala. Nilikuwa macho kama kuku mwenye vifaranga.

Mwinjilisti wetu alikuwa kijana mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Alikuja kwetu kutoka mjini na viatu vyeupe, udongo wetu mwekundu ukavibatiza wiki ya kwanza. Kanisa lilikuwa limepata bati jipya, na mwezi wa kumi na moja wageni wakubwa walikuwa wanakuja kulibariki. Akatutangazia: "Wapendwa, siku hiyo hatutasoma miujiza ya Bwana. Tutaiigiza!"

Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Kila mtu alitaka kuwa kipofu, maana kipofu anapiga kelele na wote wanamtazama. Tukapata vipofu saba. Wenye ukoma walitakiwa kumi, wakapatikana kumi, ila baada ya siku ya kwanza tisa hawakurudi hata kwenye mazoezi. Lazaro alipewa mzee mmoja wa kanisa, mtu mzito mwenye sauti, naye akakataa sanda. "Sanda sivai," alisema. "Nikifungwa leo kwa mchezo, mke wangu atazoea."

Ilipofika habari ya pepo walioingia kwenye nguruwe, wale wote wakaporomoka ziwani, mimi nikauliza swali, kwa sababu nafuga nguruwe.

"Na mwenye nguruwe alisema nini?"

"Bibi, hilo Biblia haikuandika," mwinjilisti akajibu.

"Haikuandika kwa sababu aliyoyasema hayaandikiki."

Watu wakacheka, yeye akaangalia daftari lake. Kuhusu ile mikate mitano kushibisha maelfu, niliomba kimoyomoyo iwe mikate kweli, maana mbaazi zikiongezeka tena tutahama.

Msinielewe vibaya. Miujiza naiamini. Aliyeumba jicho anashindwaje kulifungua? Ila naiamini kama mkulima: nataka kujua nani alikuwa wapi, nani alibaki na kazi.

Basi akanigeukia. "Bibi, wewe una sehemu rahisi kuliko wote. Huna hata neno moja la kukariri. Wewe ni mama mkwe wa Petro. Unalala kitandani, una homa. Bwana anakushika mkono. Homa inakuacha. Unainuka, unawapakulia chakula. Basi."

"Na Petro ni nani?"

Akatabasamu kama mtu aliyeokota dhahabu. "Nimepata Petro mwenye mama mkwe wa kweli! Mkwe wako, Bibi. Ana ndevu, ana kifua, na watalii wamepungua, ana nafasi."

Nilimjibu kwa Kiiraqw, ambayo ndiyo lugha yangu ya hasira, na waliokuwa wanaielewa wakafunika midomo kwa kanga.

Niwaeleze. Kwetu mama mkwe halali nyumba ya mkwewe. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja wao anapata shughuli ya ghafla kichakani. Na mkwe wangu huyu wazazi wake walitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, na kwao heshima hiyo ni kali kuliko kwetu, kwa hiyo tulipendana sana kwa kutokuonana. Ni dereva wa watalii. Anashuka kreta, kule hifadhini, simba analala mbele ya gari lake, anamsubiri mpaka aamke, wala hatoi jasho. Akisikia sauti yangu uani anamwaga chai. Leo mwinjilisti anataka nilale kitandani, nimefunikwa shuka, mkwe anaingia na wanaume wenzake kunitazama! Ukiniuliza mimi, muujiza wa kwanza katika habari ile si homa. Muujiza ni yule mama kulazwa nyumbani kwa mkwe na asife kwa aibu.

Nikasema sitaki. Nikadhani yamekwisha.

Wiki hiyo hiyo binti yangu, kitinda mimba wangu, mke wa huyo dereva, alijifungua. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, wakampasua. Alirudi nyumbani na mtoto wa kiume mwenye sauti ya tarumbeta na mshono unaopita tumboni kama njia ya siafu. Kazi ya kumlea mzazi ni ya mama yake, hakuna mjadala. Lakini kwangu ni juu huko Ganako, kwao ni chini karibu na kanisa, mwendo wa saa nzima kwa magoti yangu. Kulala kwao siwezi. Nikapanga kwa mjane mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, nikawa naingia kwa binti yangu kwa mlango wa jikoni, nikimpikia uji wa ulezi wenye samli, nikimkanda, nikimwogesha mtoto.

Mkwe naye alijua saa zangu. Akirudi alikohoa getini, mimi nikatoka kwa nyuma. Mimi nikitaka kuingia nilikohoa kwenye uchochoro, yeye akatoka kwa mbele. Tukiwa na la kuambiana tulipitia kwa mtoto mchanga.

"Mwambie bibi yako mkaa umeletwa," alisema sebuleni.

"Mwambie baba yako mkaa huu ni mbichi," nilijibu jikoni.

Mtoto hakufikisha ujumbe, lakini mambo yalikwenda.

Siku ya kumi na moja walikuja kuombea mtoto. Wamama wa kanisa wakija wenyewe kwa mzazi, ni wao wanaopika na kufua. Lakini wakija na mwinjilisti wanageuka wageni: wanakaa kwenye makochi, mikoba magotini. Nilikuwa nimebandika sufuria kubwa la makande, nyinyi mnajua ya nini, nikaona vikombe havitatosha. Nikakimbilia kwa mjane kuazima.

Narudi, uchochoro umezibwa. Mkwe alikuwa ameingiza gari lake la watalii katikati ya ukuta na jiko, kesho yake lilitakiwa langoni mwa hifadhi alfajiri, naye amelala chini ya gari anafunga kitu. Miguu yake miwili imetokeza, imeziba njia nzima. Ili nifike jikoni ilibidi niiruke miguu ya mkwe wangu. Miguu ya mkwe haiwezi kurukwa! Hata ng'ombe angesita.

Nikasimama na vikombe vyangu kwenye beseni. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, nikasikia kila neno. Mwinjilisti aliisoma ile ile sehemu niliyoikataa, ya mama mkwe wa Petro. Akamaliza, akasema: "Mnaona, wapendwa? Mwanamke wa imani akiinuliwa, mara moja anatumika." Kukawa kimya. Kimya kile mwanamke yeyote anakijua. Ni kimya cha wageni wanaosubiri chakula.

"Mama amefuata vikombe," nikamsikia binti yangu. "Lakini ngoja niwaepulie."

Nikakohoa. Nilikohoa ili mkwe atoke chini ya gari, anipishe. Naye kusikia kikohozi cha mama mkwe wake akafanya alivyofundishwa na wazazi wake: akavuta miguu, akajificha zaidi, lakini viatu vikabaki njiani. Nikakohoa kwa nguvu. Akanyamaza kabisa, kama digidigi. Mimi nakohoa atoke, yeye anasikia kikohozi anazidi kuingia. Ningesema tu, "Baba, ondoka hapo, mwenzako ananyanyua sufuria!" Maneno sita. Miaka yangu yote nimesema maneno mengi kuliko wanawake kumi, siku hiyo sita yakanikwama kwa heshima.

Ndipo tukasikia sufuria linaanguka.

Vikombe vya mjane sijui niliviachia wapi. Nilimruka mkwe wangu miguu, naye alikuwa anatoka, tukagongana vichwa, tukamkuta binti yangu amekaa sakafuni katikati ya makande, ameshika tumbo, kanga yake inalowa damu. Mkwe akambeba. Mimi nikabeba mtoto. Tukaingia kwenye lile gari refu linalofunguka juu la kutazamia tembo. Binti akalazwa nyuma na mjane, na kiti kilichobaki kilikuwa cha mbele, ubavuni kwa mkwe.

Nikakaa.

"Mama, funga mkanda," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia ana kwa ana tangu amwoe mwanangu.

"Unafungwaje?"

Akanyoosha mkono akanifungia. Dunia haikupasuka.

Hospitali wakamshona upya. Nesi akatoka na uso uliokunjwa: "Wiki sita hanyanyui kitu kizito kuliko mtoto wake. Mshono ukifumuka tena ni hatari, na sitaki kuwaambia hatari gani. Nani alimpa sufuria?" Mkwe akatazama sakafu. Mimi nikatazama sakafu. Nikamsikia nesi anaondoka, na bado tulikuwa tunatazama sakafu.

Alilazwa siku nne. Siku ya pili nikamwambia, "Hebu nisomee mwenyewe ile habari. Simwamini yule wa viatu." Akatafuta kwenye simu yake, akanisomea polepole, ile ya Marko, halafu ya Mathayo, halafu ya Luka. Nilisikiliza kwa masikio ya mtu anayenunua ng'ombe.

"Rudia pale. Bwana alimwambia apakue?"

"Hapana, mama. Alimshika mkono tu. Homa ikamwacha."

"Kwa hiyo kupakua aliamua mwenyewe. Hakutumwa."

"Hakutumwa."

"Na mke wa Petro alikuwa wapi?"

Akapekua. Akapekua tena. "Hawajamtaja."

"Hawajamtaja! Nyumba ina wageni, mama anaumwa, na mwenye nyumba wa kike hayupo? Mwanangu, mke wa Petro alikuwa amejifungua. Ndiyo maana mama yake alikuwa pale kwa mkwe. Mama mkwe anakwenda nyumba ya mkwewe kwa kitu gani kingine? Alikwenda kumlea mzazi, akachoka, akashikwa na homa. Na Bwana alimponya mara moja kwa sababu alijua asipoamka yeye, atakayeamka ni yule wa chumba cha pili, mwenye kichanga."

Binti yangu akacheka huku ameshika mshono. "Mama usinichekeshe, naumia." Lakini mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeelewa Injili kuliko siku zote za maisha yangu.

Aliporudi nyumbani, Jumapili iliyofuata mwinjilisti akatangaza: siku ya bati jipya, wageni thelathini watakula nyumbani kwa Petro wetu, maana ni karibu na kanisa na sebule ni kubwa. Watu wakapiga makofi. Jioni nikamkuta binti yangu amekaa chini anachambua mchele.

"Hiyo ni nini?"

"Mama, nifanyeje? Ni wageni wa kanisa. Nyumba ni yangu. Wamama watapika, mimi nitapakua tu. Kupakua si kunyanyua."

"Kupakulia watu thelathini ni kunyanyua mara thelathini."

"Watasema mimi ni mvivu. Watasema nimeolewa na dereva nimejiona."

Wiki ya tatu hiyo, siyo ya sita. Nilimtazama nikaona kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuinuka. Tangu ana miaka mitano, mgeni akipiga hodi tu, nilikuwa namtazama mara moja, naye anainuka. Nilijivunia sana. Nilisema kwa majirani, huyu wangu hakai chini mgeni akiwa na njaa. Ningemwambia leo asiinuke, angesema ndiyo mama, halafu angeinuka.

Kesho yake nikaenda kwa mwinjilisti. "Ile sehemu ya mama mkwe naichukua."

"Bibi! Bwana amekugusa!"

"Amenigusa," nikasema, na sikudanganya.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka dirishani. Vipofu saba waliponywa kwa mpigo, wakaruka kwa furaha, wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alitoka na uvimbe, ikawa alikuja mzima akarudi mgonjwa. Lazaro alifufuka amevaa suti. Kisha zamu yangu. Walikuwa wameunganisha mabenchi mawili na kuweka godoro. Nikalala, nikajifunika shuka mpaka kidevuni, nikatetemeka vizuri, maana homa naijua. Mstari wa mbele alikaa binti yangu na kichanga, na nyuma yake wageni thelathini wenye njaa.

Petro akaingia kinyumenyume. Nawaambia ukweli: ili asinione nimelala, mkwe wangu alitembea mgongo mbele kutoka mlangoni mpaka kitandani, amevaa shuka la kitanda begani, na kanisa likavunjika mbavu. Bwana alikuwa mwalimu wa kwaya. Akanishika mkono.

Mwinjilisti akasoma kwa sauti ya redio: "Homa ikamwacha. Akainuka, akawatumikia."

Sikuinuka.

"Akainuka," akarudia, "akawatumikia."

Mwalimu wa kwaya akanivuta kidogo. "Bibi, inuka," akanong'ona. "Ni sasa."

"Siinuki," nikasema, na siyo kwa kunong'ona. "Chakula kipo jikoni, na mikono mnayo."

Kanisa likanyamaza. Mbaazi zenyewe zilinyamaza. Mgeni mkuu, mchungaji mzee mwenye miwani minene, akainama mbele kwenye kiti chake. "Mama, una nini? Homa haijakuacha?"

"Imeniacha, mchungaji. Bwana amenishika mkono, nimepona. Lakini Bwana hakuniambia nipakue, nimesomewa habari yote mara tatu. Mimi nauliza, mke wa Petro yuko wapi? Kitabu hakikumtaja, mimi namtaja. Yule pale. Ana wiki tatu tangu apasuliwe. Tulimngojea nyumbani kwake juzi juzi tu mpaka akamwaga damu yake kwenye makande yetu. Leo anangojewa tena. Mimi nikiinuka, kila mtu ataona mwanamke akipona anarudi jikoni siku hiyo hiyo. Basi nimelala."

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mwinjilisti alikuwa mwekundu kama viatu vyake. Mchungaji mzee akavua miwani, akaifuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mkwe wangu akageuka. Mbele ya watu wote aligeuka, akanitazama mimi mama mkwe wake nimelala kitandani na kitambaa kimenivuka kichwani. Uso wake ulikuwa kama siku ile chini ya gari, ila safari hii hakujificha.

"Mama," akasema. "Siku ile ningetoka, asingenyanyua. Nilisikia unakohoa. Leo napakua mimi. Mpaka wiki sita ziishe napakua mimi. Nimesema kanisani."

Vigelegele vilivyopigwa, bati jipya lilijaribiwa siku hiyo. Akavua shuka la Petro, akamshika Lazaro mkono mmoja na kipofu mkono mwingine, "Twendeni, mbeba sufuria ni wewe, sahani ni wewe," wakatoka kwa mlango wa pembeni na suti zao, mke wa Lazaro akimfuata kwa macho kama anayeona kaburi likifunguka kweli.

Mwinjilisti akanisogelea, akapiga goti karibu na godoro. Alikuwa mpole sasa, na daftari lake limekunjwa. "Bibi, umeshinda. Wanapakua. Sasa inuka, tafadhali, tumalize neno kama lilivyoandikwa."

Ningeinuka. Mgongo ulikuwa unauma, ukingo wa benchi ulikuwa unanichoma kupitia godoro. Lakini nikageuza shingo nikamtazama binti yangu. Alikuwa amempa mwenzake mtoto. Alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi, mkono mmoja begani kwa jirani, mwingine tumboni, macho kwenye ule mlango alikopitia mume wake. Anataka kwenda kuwaonyesha sahani zilipo. Tayari alikuwa ameanza kujiinua. Naye, kabla hajasimama, akanitazama mimi kwanza, alivyokuwa anafanya tangu ana miaka mitano, aone mama anafanya nini.

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Siinuki. Chakula kipo jikoni, na mikono mnayo."